Nadharia ya Baba Kuhusu Mhandisi

Baba alikuwa ameinama mbele ya runinga, rula ya plastiki mkononi, akimpima mgongo mtu aliyekuwa akielea angani. Picha alikuwa ameisimamisha. Jua la saa kumi lilipenya pazia likamwangukia begani, na miwani yake, ile niliyomsagia vioo mwenyewe, ilikuwa imeteremka hadi ncha ya pua.

"Mama, hebu njoo usome hapa," aliniita. "Mimi naona sentimita tatu na nusu. Isije ikawa macho yananionyesha ninachotaka."

Nikasoma. Zilikuwa tatu na nusu. Akaandika kwenye daftari, akazidisha, akagawanya, akapiga mstari chini ya jibu.

"Basi mtungi wake wa hewa ni mkubwa kuliko ya wenzake! Nilisema mimi. Mhandisi hajafa."

Nilimwambia chai inapoa. Siku hiyo ilikuwa ya tatu tangu nijue kwamba mwanawe amekufa.

Tamthilia yenyewe iliitwa Kereng'ende, jina la chombo kilichobeba watu mia mbili wakitafuta sayari ya kuishi baada ya ile ya kwao kuungua. Mwisho wa msimu wa nne, mhandisi wa chombo alitoka nje kuziba ufa. Kamba ikakatika, akaenda zake gizani na hewa ya saa sita mgongoni. Waandishi wakatuachia hapo. Tulisubiri miaka miwili msimu wa tano, uliotangazwa kuwa wa mwisho, na kwa miaka hiyo miwili mashabiki hatukuwa na kazi nyingine ila kubuni. Wapo waliosema nahodha ndiye aliyeikata kamba. Wapo walioapa kwamba sayari inayotafutwa ni ile ile iliyokimbiwa. Mimi nilikuwa msimamizi wa kundi letu la kwenye simu, watu mia tatu na ushee, wengi wao sijapata kuwaona hata kivuli.

Baba aliingia kundini kwa mlango wangu. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuwa fundi wa maabara katika shule ya wasichana, na mambo ya gesi na mitungi aliyajua kama alivyojua vidole vyake, vyenye makovu ya tindikali. Hakupenda kuandika. Alituma sauti. Alianza kwa kukohoa kidogo, kisha, "Wanangu, hamjambo," halafu hesabu zikafuata. Mtu akitulia, asipapatike, hewa ya saa sita anaweza kuivuta saa kumi na nane. Katika saa ya kumi na saba chombo kinarudi kwenye njia ile ile. Wakambatiza Mzee Mtungi. Walimtania, naye alicheka kuliko wao.

Mimi nilijua anachokihesabu.

Kaka yangu alikuwa ameondoka miaka mitano nyuma kwenda kufanya kazi migodini, nchi ya mbali. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, kisha Jumapili moja moja, kisha kimya. Katika simu yake ya mwisho alimwambia Baba, "Kuna kitu huku tunakitazama kambini, Kereng'ende. Kitafute, utakipenda, kimejaa mitungi." Baba akakitafuta. Mama alikuwa ameshatangulia. Nyumbani tulikuwa wawili, na chumba cha Kaka kilikuwa kimefungwa, ufunguo juu ya kabati la vyombo. Jina lake hatukulitaja. Tulimtaja mhandisi. Baba akisema, "Hatujaona maiti, kwa hiyo hakuna maiti," nilikuwa nikiitikia, "Kweli, Baba," na kila mmoja wetu alijua mwenzake anamsema nani.

Wiki moja kabla msimu wa mwisho haujaanza, kijana mmoja wa kundini alimbishia kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kubana pumzi namna hiyo. Baba akatuma sauti ya dakika nne. "Mimi nina mwanangu," alisema. "Alipokuwa mdogo tulimwita Mapafu. Alikuwa akizamisha uso kwenye beseni la kufulia, mimi nahesabu. Siku moja nilifika mia na arobaini. Mama yake alinipiga na upande wa kanga kwa kuhesabu badala ya kumtoa." Akacheka, akazima.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kazini, kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, nikisaga kioo. Simu ikalia. Ujumbe, kutoka kwa mwanakundi ambaye hakuwahi kusema neno.

*Dada, samahani. Huyu mzee ni babako? Huyo Mapafu, ana alama ya kuungua hapa chini ya sikio?*

Nilizima mashine. Nikampigia. Alikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyejiandaa kwa muda mrefu asijue atamwambia nani. Walikuwa wamelala chumba kimoja kambini, yeye na Kaka. Homa ilimshika Kaka siku ya Jumatatu, Ijumaa akafariki. Alikuwa akifanya kazi kwa vyeti vya mtu mwingine, kwa hiyo alizikwa kwa jina la mtu mwingine. Simu yake ilikuwa na namba ya siri ambayo hakuna aliyeijua.

"Nimewatafuta sana," alisema. "Sikuwa na chochote zaidi ya hilo jina la utani. Udongo niliutia kwa mikono yangu, dada. Sitaki udhani nimekosea mtu."

Ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi saba.

Nilirudi kwenye mashine nikakiharibu kile kioo, nikachukua kingine, nikakiharibu nacho. Jioni nilifika nyumbani nikiwa nimeshapanga maneno. Nikamkuta Baba amevaa shati lililopigwa pasi, amekaa kwenye kiti kana kwamba anasubiri wageni. "Siku sita tu zimebaki," akasema. Nikajiambia, vipindi vinane ni wiki nane. Aache amalize. Mhandisi akirudi, atakuwa na furaha moja ya kushikilia nitakapomwambia. Nilijiona mwenye huruma. Nilimwomba yule mtu anyamaze, akakubali, ingawa alisita.

Hivyo ndivyo nilivyokaa pembeni mwa baba yangu kila Jumamosi saa kumi, nikimshikia rula.

Walimpata mhandisi katika kipindi cha sita. Haikuchukua hata dakika. Rubani alikuwa akitazama kitu kingine kabisa, na pembeni mwa dirisha lake likapita vazi jeupe, kichwa kimeinama, barafu ndani ya kioo cha uso. Rubani akasema, "Ni yeye," akageuza chombo, na hadithi ikaendelea na mambo ya nahodha.

Simu ya Baba ikaanza kutetema juu ya meza. Pole, Mzee Mtungi. Pole sana, mzee wetu. Mmoja alituma picha ya mshumaa. Baba hakuigusa. Kipindi kikaisha, matangazo yakapita, naye bado ametazama pale pale.

"Walijua," alisema hatimaye.

"Nani, Baba?"

"Waandishi. Walijua tangu msimu wa nne kwamba amekufa. Wakatutazama tukipiga hesabu." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma kipimo. "Kufa si kitu, mama. Watu wanakufa. Lakini kumwacha mtu apige hesabu, na wewe jibu unalo?"

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu utoto, nikamwambia. Nilimwambia homa, Jumatatu, Ijumaa, jina la mtu mwingine. Alinisikiliza bila kunikatiza, mikono juu ya daftari.

"Lini?" akauliza.

"Miaka mitatu na miezi saba. Sasa minane."

"Sikuulizi hilo. Wewe umejua lini?"

"Wiki sita, Baba."

Akatikisa kichwa taratibu. Akainuka, akazima runinga, akatoka uani, akaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nilimtazama kupitia mlangoni akizikunja moja moja, mbichi, akizipanga kwenye beseni, mashati na mashati, taulo na taulo. Alipofika kwenye shuka akashindwa kulikunja peke yake. Sikuthubutu kwenda kumshikia upande wa pili.

Kesho yake aliniomba namba ya yule mtu. Walizungumza mchana kutwa, nami nikiwa jikoni nikasikia upande mmoja tu. Alikuwa akila vizuri? Nani alikuwa karibu naye Ijumaa ile? Udongo wa huko ni mwekundu au mweusi? Mwishowe nikamsikia akimtajia herufi za jina la mwanawe, moja moja, polepole, ili lile la uongo lifutwe kwenye kibao cha kaburi na hili lipakwe rangi bila kosa. Alizirudia mara tatu. Mara ya tatu sauti ikamkatika katikati ya jina, akakohoa, akaanza upya.

Kundini waliuliza, Mzee Mtungi yuko wapi? Nikaandika: Mzee amefiwa. Wakadhani namaanisha mhandisi. Zikashuka nyuso za kucheka, makumi kwa makumi. Sikuwasahihisha. Nilimkabidhi mwingine usimamizi, nikajitoa.

Vipindi viwili vya mwisho vilipita Jumamosi mbili, na runinga yetu ikakaa imezimwa. Baba hakunifokea hata siku moja, ningependelea anifokee. Alikuwa mpole, kama anavyokuwa mtu kwa mpangaji. Chumba cha Kaka alikifungua, akakipiga deki mwenyewe, akaacha dirisha wazi.

Miezi ikapita. Siku moja tulikuwa tunakula, dukani kukiwa kumekuwa na wateja wengi na mimi sina nguvu ya kuongea, akainua macho kutoka kwenye sahani.

"Hivi," akasema, "wale watu walifika kwenye hiyo sayari yao?"

"Sijui, Baba. Sikutazama."



"Hata mimi," akasema, akanisogezea chumvi.