Nyota Tatu za Miwani

Hakuna aliyekuwa na haki ya kumkasirikia Miwani, lakini walimkasirikia wote, na wakamwitia kikao.

Chanzo kilikuwa nyota. Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao waliyemwita Kitinda, mfanyakazi wa kampuni ya bima, alikuwa ametoa kitabu. Ilikuwa riwaya, jalada la buluu, na nyuma kuna picha yake ameshika kidevu kama mtu aliyesahau funguo. Kiliwekwa kwenye duka la mtandaoni, mahali ambapo yeyote anaweza kukipa kitabu nyota, kuanzia moja hadi tano, na kuandika maoni chini yake. Kaka Mkubwa, ambaye jambo la ukoo haliwezi kupita bila yeye kulisimamia, alituma ujumbe kwenye kundi la familia: kila mtu aingie, atoe tano, aandike maneno mazuri. Alizifuatilia nyota zile kama anavyofuatilia michango ya harusi. Asiyetoa alitajwa kwa jina.

Basi ukoo ukamwaga nyota. Shemeji aliandika, "Kitabu kizuri sana, kimenigusa," na binamu wanne wakanakili maneno hayo hayo bila kubadilisha hata nukta. Shangazi alisifu picha za ndani, na kitabu hakina picha hata ya dawa. Mjomba, aliyekula chumvi nyingi, alitoa nyota moja, kwa kuwa kwa hesabu zake namba moja ndiye wa kwanza darasani. Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamrekebishia kwenye simu yake, yakaisha.

Miwani alitoa tatu. Hayo hayakuisha.

Jina hilo lilimganda tangu shuleni, maana hakuonekana bila miwani wala bila kitabu. Sasa alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kati ya mgonjwa na mgonjwa alisoma. Vitabu alivichagua kwa njia yake mwenyewe. Nyota tano alizipita, kwa kuwa aliona nyingi ni za mashemeji wa watu. Nyota moja alizipita pia: huyu kitabu kimemfikia kimelowa, yule ana ugomvi wake na mwandishi. Alikwenda moja kwa moja kwenye tatu. Mtu wa nyota tatu amekaa na kitabu mpaka mwisho, naye atakwambia wapi alicheka na wapi alichoka. Watu hao hawakuwahi kumwangusha.

Na cha mdogo wake alikisoma chote, mara mbili. Kisha akaandika kwa uaminifu ule ule aliozoea kuupata kwa wageni: "Sehemu ya gereji ni tamu, harufu ya oili nimeisikia. Lakini kijana anayemuuguza mama yake humu hajawahi kuuguza. Anamnyanyua kwa kumshika makwapa. Mgonjwa wa hali ile hugeuzwa kwa shuka, la sivyo analia kwa maumivu. Na chumba chenyewe hakina harufu yoyote. Mwandishi hakuingia humo."

Hakuandika zaidi ya hapo. Hakuandika kwamba mama wa kitabuni ni mama yao, kuanzia kikohozi chake mpaka mto wa kijani aliokataa kata kata ubadilishwe. Hakuandika kwamba aliyelala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda kile, mpaka mama anazikwa, alikuwa yeye. Kitabuni amelala Kitinda. Hilo lilimuuma, na bado alitoa tatu, kwa sababu gereji ilikuwa tamu kweli.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Kaka Mkubwa, Jumapili mchana, televisheni ikiwaka bila sauti. Wao walijaa kwenye makochi. Yeye aliachiwa stuli ya jikoni. Kaka Mkubwa alianza kwa sauti ya upole, ile anayoitumia akitaka kumuumiza mtu. Alisema kwamba wastani wa nyota umeshuka, na kwamba aliyeushusha hakutoka mbali. Shemeji akadakia kuwa huo ni wivu, kwamba miaka yote Miwani alitaka yeye ndiye aonekane msomi wa nyumba. Mwingine akauliza nyota mbili zaidi zingemgharimu nini. Wakamtaka atoe simu abadilishe pale pale, wakiona. Kitinda alikaa karibu na mlango akipekua simu yake, kana kwamba kinachojadiliwa ni kitabu cha mtu mwingine.

Miwani alikuwa amejiapiza kunyamaza, lakini neno wivu lilimchemsha damu. Watu ambao hawakufungua hata ukurasa wa kwanza, ndio wamfundishe kusoma.

"Kimewagusa," alisema. "Sawa. Yule mama mgonjwa wa kwenye kitabu, anauguzwa na nani?"

Kaka Mkubwa alisema hiyo si ajenda. Shemeji alikinyakua kitabu mezani na kutazama jalada, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa hapo. Binamu wote wakapata ghafla la kutazama kwenye televisheni.

Shangazi ndiye aliyetaka kuokoa jahazi. "Si wewe, mwanangu?" alisema. "Nani mwingine? Wewe ndiye uliyemuuguza mama yako, hapa kila mtu anajua."

"Mimi simo, shangazi. Ile nyumba ya kitabuni haina binti."

Shangazi aligeuka taratibu kumtazama Kitinda, na mmoja mmoja wengine wakamfuata kwa macho. Hakuna aliyekumbuka tena kumdai Miwani simu. Alichukua mkoba wake, akaaga kwa heshima, akatoka.

Kitinda alimfikia kwenye ngazi. Alishika reli, akahema, akaanza kusema kwamba riwaya ni riwaya, kwamba mhariri alitaka wahusika wachache. Miwani alimwacha amalize. Mwishowe yule kijana aliishiwa na maneno ya kuazima.

"Dada," alisema, "nikikuweka wewe mle chumbani, mimi ningekuwa wapi?"

Miwani alikuwa bado na hasira aliyotoka nayo, lakini alimjibu bila kupaza sauti.

"Ungekuwa kule kule ulikokuwa. Kwenye simu, unasema utakuja wiki ijayo, na mama anakwambia hakuna shida, huku ameishika simu kwa mikono miwili. Andika hicho, mdogo wangu. Hicho nitakipa tano."

Akashuka ngazi. Kitinda alibaki ameshika reli, na huko juu Kaka Mkubwa alikuwa akimwita arudi ndani.