Tauno na Mabano

Miaka ishirini na mitatu Tauno Kivelä aliandika kurasa za tovuti kwa HTML, lugha ambayo kila kipande cha ukurasa hufunguliwa na kufungwa kwa alama, na kila alama aliyoifungua aliifunga kwa mkono wake mwenyewe. Sasa ofisi yao ndogo mjini Tampere imeamua kurasa zote ziandikwe kwa Clojure, lugha ileile wanayoandikia programu zao nyingine zote: ukurasa ni orodha ndani ya orodha, mabano tu kila mahali. Bosi alimwambia bila kuzunguka kwamba akishindwa kuimudu kufikia Ijumaa, atahamishiwa kwenye simu za wateja. Simu! Mtu ambaye hata kwenye lifti hasalimii.

Jumatano akajaribu. Kivinjari kikamwonyesha ukurasa uliojaa takataka: kila mwisho wa aya, alama ya kufungia imekaa pale kama maandishi ya kawaida. Mwenzake Hilkka, aliyebobea katika lugha hiyo, akaweka chini kikombe cha kahawa, akacheka mpaka akashika meza.

"Mzee wangu, bano likifungwa, basi," akasema. "Hizo alama lugha inaziandika yenyewe."

"Mimi najua. Mkono ndio hausikii."

Aliona haya, haya hasa, lakini hakuacha. Alhamisi asubuhi, akizifuta alama hizo moja moja, likamjia wazo: kama ukurasa ni orodha tu, si unaweza kupekuliwa kama orodha yoyote, kabla haujawa ukurasa? Na makosa ya kurasa nani aliyajua kumshinda? Mteja wao, chama cha wasioona, alikuwa amelalamika mara mbili kwamba picha hazina maelezo ya maandishi, kwa hiyo kompyuta zao zinazosoma kwa sauti zinazipita kimya. Tauno akaandika kipande cha programu, mistari tisa: kiipitie orodha, na kikikuta picha isiyo na maelezo, kiukatae ukurasa mzima.

Ijumaa bosi akasimama nyuma yake, mikono mfukoni. Tauno akakiendesha kile kipande juu ya kurasa zote za ofisi. Ukurasa wa kwanza kukataliwa ulikuwa wa Hilkka.

Hilkka akainama, akasoma jina lake kwenye kioo cha kompyuta. Tauno akajua amemuudhi. Wapi! Mama yule akamgeukia bosi.

"Kuanzia leo, ukurasa wangu hautoki hapa kabla huyu mzee hajaupitisha."

Bosi akaitikia kwa kichwa, na kwa watu wa Tampere, wasiopenda maneno mengi, hiyo ni hotuba nzima; simu za wateja hazikutajwa tena. Tauno akafuta miwani mara mbili, kisha akafungua ukurasa wa pili.