Balbu Aliyoileta Mkubwa

Mchana rimoti ilimtii Mama Sare kama mtoto aliyeahidiwa peremende. Akibonyeza, televisheni inawaka. Akibonyeza tena, sauti inapanda. Lakini jua likichwa, rimoti ile ile, kwa kidole kile kile, ilimnunia. Alibonyeza mpaka ukucha ukamuuma. Televisheni ilikaa kimya juu ya kabati lake, kitaa chake chekundu kimekodoa kama jicho la mtu anayekusikia ila hataki kuitika.

"Mama, umebonyeza wapi tena?" aliuliza binti yake, Kitinda, bila kuinua macho kwenye simu.

"Nimebo..."

"Umekosea kitufe. Hebu lete."

Kitinda aliichukua rimoti, akaenda nayo hadi karibu kabisa na televisheni, akabonyeza. Televisheni ikawaka palepale.

"Umeona? Mimi inanikubali."

Mama Sare alifumba macho. Kama kuna maneno aliyoyachukia katika nyumba ile, yalikuwa hayo.

Jina la Mama Sare alipewa na mtaa, kwa sababu karibu kila mtoto wa pale aliyewahi kuvaa sare ya shule alishonewa na yeye. Kisha kiharusi kikampitia. Kilimwachia mkono mmoja mzima, mguu mmoja wa kuburuta, na ulimi mzito. Si kwamba maneno yaliisha. Yalikuwepo yote, yamepanga foleni mlangoni, yanatoka moja moja. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na subira ya foleni. Akifungua kinywa tu, mtu humalizia sentensi yake, tena humalizia vibaya, kisha huondoka ameridhika kwamba ameongea na Mama.

Kwa hiyo rimoti haikuwa kitu kidogo kwake. Maji aliletewa, nguo alivalishwa, hata pazia alifunguliwa na wengine kwa saa waliyotaka wao. Taarifa ya habari ya jioni ndiyo kitu pekee alichoweza kujiwashia mwenyewe.

Kila mtu alikuja na dawa yake. Kitinda alizianika betri juani, zikashinda dirishani kama dagaa. Halafu akazing'ata. Akaivua rimoti ule mfuko wa nailoni iliokuwa imevalishwa tangu siku ya kununuliwa. Akakitoa kitambaa cha kufuma kilichoning'inia mbele ya televisheni. Akanunua betri mpya. Jioni, kimya.

Wakamwita fundi wa televisheni. Fundi alikuja asubuhi, akaelekeza rimoti kwenye kamera ya simu yake, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu kikaonekana kimwanga cha zambarau kikipepesa.

"Mnaona? Rimoti inaongea vizuri kabisa," alisema. "Macho yetu ndiyo hayaoni." Akakaa kitini, akawasha, akazima, akawasha. "Na televisheni inasikia. Hapa hakuna ugonjwa."

"Jio..." alianza Mama Sare.

"Jiongeze siku, Mama, utapona tu," fundi alimwambia kwa upole, akafunga begi lake.

Mama Sare alitamani kumrushia kikombe. Alitaka kusema jioni. Njoo jioni. Lakini fundi alishafika mlangoni, anamnong'oneza Kitinda, na Mama Sare, ambaye masikio yake hayakuguswa na kiharusi hata kidogo, alisikia: "Mzee wenu tu ndiye anachanganya vitufe. Mzoeeni."

Ndipo Mkubwa alipoingilia. Mkubwa alikuwa mtoto wake wa kwanza, mtu wa ofisini, mwenye tumbo la ofisini na sauti ya kuendeshea vikao. Hakuwa na roho mbaya. Angekuwa na roho mbaya ingekuwa rahisi, mtu ungemchukia ukapumzika. Yeye alimpenda mama yake, na alimpenda kwa nguvu kama mtu anayesukuma kabati. Alikuja jioni moja, akamkuta anapambana na rimoti, akasimama kumtazama na kutikisa kichwa. Kisha akamvuta dada yake ukumbini.

"Akili ya Mama inazama na jua," alisema. "Mchana yupo, jioni hayupo. Nimesoma mahali, wagonjwa wa kiharusi huwa hivyo. Leo ni rimoti, kesho ni jiko la gesi. Jumapili tukae kikao, Shangazi awepo. Nitamchukua nikae naye kwangu, kile chumba cha nyuma kipo tu. Hapa tutaweka wapangaji."

Mama Sare aliyasikia yote, neno kwa neno. Chumba cha nyuma alikijua. Dirisha lake linatazama ukuta. Nyumba hii aliijenga yeye, kwa kola na mikono na vifungo vya watoto wa watu, na kutoka kwenye kiti chake aliiona barabara nzima, nani anapita na nani amegombana na nani. Sasa wanataka kumtoa kwa sababu ya kitufe.

Usiku ule hasira ilimkosesha usingizi. Asubuhi akaamua kuacha kukasirika na kuanza kutazama.

Miaka yote ya cherehani ilimfundisha jambo moja: uzi ukianza kukatika, usiitukane mashine, jiulize umebadilisha nini. Je, ni sindano? Ni uzi? Nani aligusa nini? Akazungusha macho sebuleni mwake. Kiti ni kile. Kabati ni lile. Televisheni ni ile. Akainua macho ukutani, juu ya televisheni, akaiona.

Balbu. Mkubwa aliileta alipomrudisha mama yake kutoka hospitali, akapanda kwenye stuli kuifunga kwa mkono wake mwenyewe, anatweta. Balbu ya kisasa ya kuokoa umeme, imejisokota kama utumbo wa kuku. "Ili Mama uone vizuri," alisema.

Jioni hiyo Kitinda alikuwa uani anaosha nywele, akachelewa kuwasha taa. Giza likaanza kuingia. Mama Sare akabonyeza. Televisheni ikawaka. Akazima, akawasha, akapandisha sauti, kisha akaizima tena. Kitinda akaingia na taulo kichwani, akapiga swichi, balbu ikawaka. Mama Sare akabonyeza.

Kimya.

Akaitazama balbu. Akaitazama rimoti. Akaitazama balbu tena.

"Kitinda. Hiyo balbu..."

"Inakuumiza macho? Ni nzuri hiyo Mama, inaokoa umeme."

"Izime..."

"Nikiizima utakaa gizani, uanguke, kaka aje aniue. Hapana." Kitinda akachukua rimoti mkononi mwake, akaenda mpaka mbele ya televisheni, akabonyeza. Ikawaka. "Umeona? Mimi inanikubali."

Ndipo Mama Sare alipoelewa lililobaki. Wenye miguu mizima, kila mmoja wao, huinuka na kwenda kuipigia televisheni kelele sikioni. Hapo hata kama balbu inapiga makelele yake, televisheni itasikia. Yeye peke yake ndiye anayeita kutoka mbali, na hakuna aliyewahi kukaa anapokaa yeye taa ikiwaka.

Pumzi zake chache aliziweka akiba.

Jumapili baada ya chakula cha mchana wakakusanyika. Shangazi, dada wa marehemu mume wake, alikuja amevaa viatu vya kelele na kuketi kama jaji.

"Wifi, umenawiri," alisema. "Kiharusi kingenipata mimi ningekuwa kama kamba ya mbuzi."

"Wewe... tayari... ni kamba," alisema Mama Sare.

Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Na huyu ndiye mnasema akili imezama?"

"Shangazi, sasa ni mchana," alisema Mkubwa kwa subira ya watu wa ofisini. "Mchana si hoja. Ungemwona jioni." Akaeleza yote: rimoti, fundi, jiko la gesi ambalo halijawahi kuunguza kitu, chumba cha nyuma, wapangaji. Alieleza vizuri mno. Mwishoni akamgeukia mama yake na kuinua sauti, kama vile kiharusi kilimpiga masikioni. "Mama. Tunafanya hivi kwa ajili yako."

Mama Sare alitazama dirishani. Jua bado lilikuwa juu ya paa la jirani.

"Nina... maneno," alisema.

"Sema, Mama."

"Nitasema... na hakuna... wa kunimalizia."

Akaanza. Alianza na siku walipopima kiwanja. Akaenda kwenye msingi. Kila neno alilipa nafasi yake, akalisubiri mpaka lifike, akalitoa, akapumzika. Mkubwa alijaribu kumsaidia mara mbili tatu: "Yaani unataka kusema..." Mama Sare akainua mkono wake mzima, akarudi mwanzo wa sentensi. Kitinda alianza kuchezea simu chini ya kitenge. Mama Sare akasema habari za dirisha la kwanza, kisha za la pili. Akasema habari za mwashi aliyelewa akajenga ukuta uliopinda, na jinsi walivyoubomoa.

"Wifi," alisema Shangazi, ameegemea shavu kiganjani, "nakupenda, lakini hii foleni ni ya bombani. Ndoo yangu imeshaota kutu."

"Nipo... kwenye bati."

"Bati? Bado kuna milango?"

"Milango... ipo."

Mkubwa alitazama saa yake, akatazama dari. Nje watoto walianza kuitwa majumbani. Sebule ikawa ya kijivu, sura zikaanza kufifia. Mama Sare alifika kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Kitinda akapiga miayo, akainuka, akapiga swichi. Balbu ikawaka juu ya televisheni, nyeupe pe.

Mama Sare akanyamaza katikati ya sentensi.

"Endelea, Mama," alisema Mkubwa kwa sauti iliyokata tamaa.

"Nimemaliza."

Wakatazamana.

"Na kitasa?" aliuliza Shangazi.

"Kitasa... mnakiona. Mkubwa. Njoo... ukae hapa." Akapigapiga kiti kilichokuwa ubavuni mwake. "Niwashie... taarifa ya habari."

Mkubwa alikaa, kiti kikalia. Akachukua rimoti, akainyoosha kama mtu anayetaka kumfundisha mtoto, akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akaipiga kiganjani, akabonyeza. Akafungua mfuniko, akazizungusha betri kwa dole gumba, akafunga, akabonyeza kwa nguvu mpaka ulimi ukamtoka pembeni. Televisheni ilimkodolea jicho lake jekundu.

"Inataka kusogelewa kidogo," alisema, akaanza kuinuka.

"Kaa."

Alikaa. Mtu mzima mwenye ofisi, lakini alikaa.

"Mimi... siwezi kwenda huko. Washa... kutoka hapa."

Alibonyeza tena, jasho limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Kitinda akaichukua, akachutama pale pale kando ya kiti. Hakuna. Shangazi akanyoosha mkono akainyakua, akafinya vitufe vyote kwa pamoja kama anayekanda unga.

"Jamani," alisema, "na mimi akili imezama. Mnipangie chumba cha nyuma."

"Sasa," alisema Mama Sare. "Kitinda... zima balbu."

Safari hii Kitinda hakubisha. Swichi ikalia, sebule ikawa nusu giza. Mama Sare aliichukua rimoti kutoka mapajani mwa Shangazi, akainyoosha kwa mkono wake mzima, akabonyeza mara moja. Televisheni ikawaka, msomaji wa habari akapaza sauti chumba kizima.

Akazima. "Washa balbu."

Ikawashwa. Akabonyeza. Kimya.

Kitinda alikuwa amesimama na kidole kwenye swichi, anamtazama mama yake kama mtu aliyekutana na anayemfahamu asipotegemea. "Uliniambia," alisema. "Uliniambia balbu. Nikasema macho."

Shangazi alijifunga upya kitenge chake. "Haya. Kikao kimeitishwa kujadili mwenye akili iliyozama. Tunamjadili nani sasa? Balbu, au aliyeileta?"

Mkubwa alikohoa. Uso ulikuwa umemshuka, na kwa dakika moja Mama Sare alimwonea huruma. Huruma haikudumu.

"Kumbe ni mwingiliano," alisema Mkubwa, sauti ya kikao ikimrudia polepole. "Unaona, Mama, rimoti inatumia mwanga ambao macho yetu hayauoni. Sasa balbu nayo ina mwanga wake, kwa hiyo ile sehemu ya televisheni inayopokea..."

"Mkubwa."

"...inazidiwa, kwa maana kwamba..."

"Mkubwa. Iteremshe... balbu yako."

Alivuta stuli, akapanda. Kitinda akaizima taa na kwenda kuitafuta balbu ya zamani, ile ya rangi ya chai, kwenye droo ya vifungo.

"Na ile habari ya kuhamia kwangu," alisema Mkubwa akiwa juu, mgongo kwao, anapuliza vidole kwa joto la balbu, "tutaiongea siku nyingine kwa nafasi."

"Tumeshaiongea," alisema Mama Sare, na foleni yote ikatoka kwa mara moja.

"Nataka tu uelewe, Mama, kwamba balbu zenyewe si mbaya, ila zina..."

Mama Sare alinyoosha rimoti, akabonyeza. Hakuna. Akabonyeza tena, ukucha ukauma.

"Mama, umebo..." alianza Kitinda kutoka kwenye droo. Akajikatiza. Akamtazama mama yake aliko, kisha akafuata ncha ya rimoti ilikokuwa inaelekea, mpaka ikaishia kwenye suruali pana ya kaka yake, iliyokuwa imeifunika televisheni yote.

"Kaka," alisema. "Sogea."