Mdiria Mmoja kwa Friza Moja

Fundi wa majokofu alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa na mdomo mrefu na manyoya ya buluu. Mdiria. Ndege mdogo, ukimshika anaenea kiganjani, lakini alikuwa amemkalia Fundi kichwani na hashuki. Kila Jumapili asubuhi, wenye akili zao wakiwa bado wanajigeuza kitandani, yeye alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope ya bwawa la machimbo ya kokoto, kamera usoni, akisubiri mdiria apige mbizi ili ampate mdomo ukigusa maji. Si kabla, si baada. Ukigusa.

Miaka yote hiyo alichopata ni maji. Kwenye ukuta wa karakana yake, juu ya kompresa zilizokufa na mitungi ya gesi, alikuwa amebandika picha alizoziona bora: duara la maji, duara jingine la maji, mkia na duara la maji. Wateja waliofuata friji zao walisimama wakazitazama kwa heshima, wakidhani ni matangazo ya watu wa visima.

"Tatizo ni kamera," aliwaambia, hata wale ambao hawakuuliza. "Hii ya kizamani, ina kioo ndani. Ukibonyeza, kioo kinaruka, kachak! Ndege anashtuka, na mimi sekunde ile ile nakuwa kipofu. Siku hizi wenzetu wanatumia zisizo na kioo. Kimya kama kaburi. Zinalitafuta jicho la ndege zenyewe, zikilipata zinaling'ang'ania kama kupe. Sasa mtu mwenye mkono kama wangu akipewa ile..."

Hapo alinyamaza, ili mteja amalizie sifa zilizobaki.

Mkewe hakuwa na ugomvi na mdiria. Ugomvi ulianza siku alipotoka sokoni akamkuta mwenye bucha wa mtaa wa pili yuko uani kwake, ameinama, anapima friza lake kwa futi kamba.

Friza hilo ndilo lililompa jina. Hakuna aliyemwita vingine ila Mama Barafu. Ni kweli Fundi ndiye aliyeliokota likiwa bovu akalifufua, lakini tangu lifufuke aliyelitumikisha ni mke: barafu kwa wenye sherehe, maji baridi kwa mafundi wa ujenzi, juisi kwa watoto wa shule. Lilikaa uani chini ya bati, likiguna mchana kutwa kama mzee aliyeshiba.

"Unapima nini, ndugu yangu?" Mama Barafu aliuliza.

Mwenye bucha akamtazama Fundi. Fundi akatazama bati.

"Mumeo kasema mnaliuza. Nataka kujua kama litapita mlangoni kwangu."

"Litapita. Ila kwanza pita wewe. Mlango ule pale."

Mwenye bucha alikunja futi kamba yake akaondoka. Mama Barafu akaweka kikapu chini taratibu, jambo lililomtisha Fundi kuliko kama angekitupa.

"Mke wangu, nisikilize. Ile kamera—"

"Kwa hiyo unauza friza langu ununue jicho."

"Si lako peke yako. Mimi ndiye niliyelitengeneza."

"Na watoto pia umewatengeneza. Nao wameshapimwa?"

"Nikipata picha moja tu, moja ya kweli, watu watagombania. Mahoteli. Watu wa kalenda. Nitakununulia friza la milango miwili."

"Ulisema hivyo ulipobadilisha lenzi. Ukarudia uliponunua lile stendi la miguu mitatu. Ndege kaona miguu imeongezeka, kacheka, kaenda zake."

"Unanidharau."

"Sikudharau. Nakuhesabia tu midomo ya ndege uliyoniletea, na bado sijaanza."

Lakini Mama Barafu alimjua mumewe. Ukimkatalia kavukavu atanuna, na akinuna friji za watu zitalala karakanani mpaka ziote kutu. Akafikiri, akatoa hukumu yake.

"Nenda kwa Dokta. Si anayo hiyo kamera yako? Iazime Jumapili moja. Ukirudi na mdiria, mdomo ukigusa maji, friza chukua, nitakusaidia kulisukuma mpaka bucha. Ukirudi na maji, neno kamera lisisikike tena ndani ya nyumba hii. Na kaka yangu atakwenda nawe awe shahidi."

"Yule kinyozi? Anajua nini habari za wanyama?"

"Si anakunyoa wewe?"

Dokta alikuwa mwenye duka la dawa. Hakuwa daktari, lakini alivaa koti jeupe, na hakuna aliyetaka kumvunja moyo. Alimkabidhi Fundi kamera kama anamkabidhi kichanga.

"Nimeshaiwekea kila kitu," alisema. "Inamtafuta ndege yenyewe. Hata ukichelewa kubonyeza, ina akiba ya picha za kabla hujabonyeza. Wewe kazi yako kidole tu."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Kidole tu! Miaka ya kulala kwenye matope, leo anaambiwa kidole tu. Kwa hiyo Jumapili, walipofika bwawani, hata kabla hajatandika gunia lake chini, alianza kuingia kwenye mipangilio ya kamera na kuzima. Akazima kutafuta jicho. Akazima akiba. Akazima kila alichokiona kina dalili ya huruma.

Kinyozi alichungulia juu ya bega lake. "Shem, unafanya nini?"

"Nazima upuuzi."

"Si huo upuuzi ndio tulioufuata?"

"Nimefuata kamera, sikufuata yaya. Haya mambo ni ya wanaoanza. Mtu mzima anapiga mwenyewe."

Kinyozi alitaka kusema kwamba huko ni kununua friji kisha ukakata waya, lakini alikumbuka yeye ni shahidi. Akakaa juu ya jiwe, akafungua mfuko wake wa mkate.

Mdiria alifika jua likianza kugusa maji. Akatua kwenye tawi kavu lile lile la siku zote, akainamisha kichwa, akajirusha. Fundi akabonyeza. Hakusikia kitu. Akaondoa jicho kwenye kamera kuangalia kama imepiga. Imepiga: maji. Aliporudisha jicho, ndege alikuwa amekwisha kuzama mara ya pili na kutoka na samaki.

Shida ikawa hiyo. Mkono wake ulikuwa umezoea kachak. Bila kachak hakuamini kama kazi imefanyika, na kila alipobonyeza aliinua uso kuhakikisha. Hatimaye akapata dawa. Mdiria aliporudi tawini, Fundi akavuta pumzi, ndege akajirusha, Fundi akabonyeza na papo hapo akapaza sauti kwa mdomo wake mwenyewe:

"Kachak!"

Mdiria alikatisha mbizi hewani, akageuka, akatokomea ng'ambo ya bwawa.

Kinyozi aliacha kutafuna. "Shem."

"Nini?"

"Si ulisema faida ya hii ni kwamba haipigi kelele?"

"Nyamaza, unamfukuza ndege!"

Ilipofika saa ya mtu kubanwa, Fundi alibanwa. Akampa Kinyozi kamera. "Shika. Usiguse kitu." Akaingia vichakani.

Kinyozi si mtu mbaya, ila mkono wa kinyozi haujui kutulia. Kidole gumba chake kilikuta juu ya kamera kuna gurudumu dogo lenye alama, na mojawapo ilikuwa ya kijani. Akalizungushia hapo, kwa hoja kwamba kijani hakijawahi kumdhuru mtu. Mkate ulikuwa mkono wa kushoto. Mdiria akarudi tawini. Kinyozi akainua kamera kwa mkono wa kulia, kama mtu anayeinua kioo mteja aone kisogo chake, na ndege alipoanguka, akabonyeza.

Fundi alirudi akifunga mkanda. Akachukua kamera, akatazama skrini, akasimama.

Mdiria alikuwa ndani ya picha mzima mzima. Ncha ya mdomo ilikuwa imegusa maji na duara la kwanza ndiyo kwanza linazaliwa. Kivuli chake kilikuwa kinapanda kutoka chini kumpokea. Jicho lilikuwa kali, mtu angeweza kulihesabia kope.

"Umefanya nini?" Fundi aliuliza kwa sauti ya mtu anayekunywa shubiri.

"Nimebonyeza."

"Umebonyeza vipi?"

"Kwa kidole, shem. Kuna namna nyingine?"

Fundi aliisogeza skrini karibu na pua. Aliikagua picha ile kama askari anayekagua gari alilokwisha kuamua kulikamata. Mwisho akapata.

"Imepinda! Ona, maji yamelala upande. Bwawa zima linamwagikia kushoto. Maji hayalali hivi popote duniani."

"Na ndege?"

"Ndege..." Neno lilitoka kwa taabu kama jino. "Yupo."

Alirudi kwenye gunia lake, akaondoa ile alama ya kijani iliyoiachia kamera kazi yote, akapiga mpaka jua likawa utosini. Akapata maji mengi sana.

Njiani kurudi, Kinyozi alimshika bega. "Shem, nisikilize. Sema umepiga wewe. Dada atauliza, mimi nitaapa. Na mimi nikiapa huwa naapa vizuri."

"Kwa nini unanisaidia?"

"Kwanza wewe shemeji yangu. Pili..." Kinyozi alitazama mfuko wa kamera kwa namna Fundi aliyoijua sana, maana ndiyo aliyoiona kwenye kioo kila Jumapili asubuhi. "Pili, ukiinunua utakuwa unaniazimaazima."

Ugonjwa ulikuwa umeambukiza.

Walimkuta mwenye bucha amekwisha kufika na mkokoteni, amekaa juu yake mlangoni kama fisi aliyesikia habari za mgonjwa. Mama Barafu alikuwa kando ya friza. Tangu asubuhi hakupokea oda ya mtu, kwa sababu akishasema neno hulishika, hata likimuunguza mkono.

"Tumepata!" Kinyozi alipiga kelele kabla ya salamu.

Fundi aliona uso wa mkewe ukishuka. Hakuwahi kuuona hivyo, hata walipofiwa. Mama Barafu alipokea kamera, akatazama skrini muda mrefu.

"Kumbe ni mzuri," alisema. "Sikujua kama ni mzuri hivi." Akaweka kiganja juu ya mfuniko wa friza, akakiacha hapo. "Umempiga wewe?"

"Nani mwingine?" Kinyozi akarukia. "Mimi nilikuwa nakula mkate."

"Sijakuuliza wewe."

Fundi akafungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, umeoga, umevaa viatu, unasubiri kutoka tu. Kamera ameiazima yeye. Bwawa lilikuwa lake. Mwenye bucha alikuwa amekwisha kuanza kukunja mikono ya shati, na alipopita nyuma ya Mama Barafu akachungulia skrini.

"Hongera, Fundi, picha nzuri. Ila mbona bwawa limeinama? Ulikuwa umelewa?"

"Kweli," Mama Barafu akasema, "limeinama kidogo."

Damu ilimpanda Fundi mpaka masikioni.

"Mimi? Mimi nipige picha imepinda? Tangu nimeshika kamera, nani ameona maji yangu yamepinda? Nendeni karakanani mkaangalie ukutani! Kama ningepiga mimi, maji yangelala kama karatasi! Muulizeni huyu kinyozi wenu, aliyeshika kamera kama anashika mkia wa panya!"

Uani likasikika friza peke yake. Kinyozi alifumba macho. Mwenye bucha akashusha mikono ya shati lake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, akaenda kugeuza mkokoteni.

Mama Barafu aliondoa kiganja kwenye mfuniko.

"Kwa hiyo kamera ni nzima."

"Nzima," Fundi alisema, sauti imekwisha kumpungua.

"Na ndege anapatikana."

"Anapatikana."

"Na aliyempata ni mtu aliyekuwa anakula mkate."

"Kwa mkono mmoja," Kinyozi akaongeza. Hakuweza kujizuia.

"Basi mume wangu, mimi naona kama ni kubadilisha, tungebadilisha mpiga picha. Lakini huyo hata mwenye bucha hamtaki." Akafunua friza, akaanza kuhesabu mifuko ya barafu kwa oda za kesho, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Asubuhi Fundi alirudisha kamera dukani. Dokta aliipokea akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe.

"Vipi, unanunua?"

Fundi alijiweka sawa, akatoa maneno aliyoyapanga usiku kucha. "Kamera nzuri. Sikatai. Ila si ya mtu anayeijua kazi."

"Ee, ndiyo maana nimeinunua," Dokta akasema, kwa furaha kabisa. "Mimi kazi hii siijui hata kidogo. Na bado zinatoka! Hebu ona paka wangu huyu, ona hizi ndevu."

Fundi alimtazama paka. Ndevu zilionekana moja moja, na nyuma yake sakafu ilikuwa imenyooka kama karatasi.

Akaomba dawa ya kichwa.