Mbayuwayu wa Bega la Kushoto

Kinyozi hakuwa na bunduki, cheo, kovu wala hadithi ya vita. Hakuwa na kifua cha kujaza gwanda, wala sauti ya kuamrisha hata paka. Jeshi lilimkataa ujanani kwa sababu ya nyayo bapa. Tangu hapo akakusanya beji za kitambaa zilizoshonwa mabegani mwa askari wa zamani: simba, mikuki, nyota. Wateja walimwita Kamanda. Mkewe alisema mwanamume asiyeweza kubeba nusu gunia ameijaza nyumba mabega ya watu.

Mchana, wateja wakiadimika, alizipanga beji mezani akazitazama mpaka ukuta ukalegea kama pazia. Ndipo wenye mabega walipoingia, bila kishindo, wakakaa kitini mmoja baada ya mwingine. Aliwanyoa.

Kati yao kinyozi alimpenda zaidi yule aliyevaa beji ya mbayuwayu wa buluu, aliyeshonwa kwa uzi wa kahawia, ila pembe moja kwa uzi mwekundu. Mbayuwayu hao walivaliwa wawili, mmoja kila bega. Kinyozi alikuwa na wa kushoto tu. Akatangaza gazetini kwamba anamtafuta mwenzake wa kulia.

Akajibiwa na mjane wa mji wa mbali. Wa kulia alikuwa naye. Mumewe alimbandua ili amshone upya, na siku hiyohiyo gwanda likaibwa kwenye kamba ya kuanikia, likaenda na wa kushoto. Mpaka anafariki alikuwa akimuulizia. Mjane hakuwa anauza. Aliuliza jambo moja: je, huyo wa kushoto ana uzi mwekundu pembeni? Uzi wa kahawia ulikuwa umemwishia mumewe, akamalizia na wa sweta la mtoto.

"Mwandikie kwamba ndege wako hana uzi mwekundu," mke wa kinyozi alimjaribu. "Nani atakwenda kukagua?"

Kinyozi alikuwa akimpapasa ndege kwa kidole gumba.

"Mama, mwenye ndege huyu nimemnyoa. Akija tena kukaa pale, nitamshika kichwa kwa mkono gani?"

"Basi mrudishie bega lake, baba. Na umwambie kunyolewa bure kumekwisha."

Alasiri ile alisinzia, beji ikiwa begani mwake mwenyewe. Mbayuwayu akapita ndani ya kioo, akazunguka mara moja juu ya vitana, akatoka upande wa pili.

Alipoamka aliandika: "Uzi mwekundu upo. Mpokee." Akamfunga ndege kwa karatasi laini, akamtia ndani ya bahasha, akailamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Akaenda posta kwa miguu, akaitumbukiza sandukuni.