Sala ya Shokapu ya Kulia

Mkwe wangu ni fundi simu, na mtaani wanamwita Injinia. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, nasi tukaona si vizuri kumnyang'anya. Kioo cha simu kikipasuka anakibadilisha vizuri sana, sitamdhulumu. Ila siku aliyoamua kwamba shokapu ya pikipiki ni simu tu iliyorefuka, nilijua sebule yangu imeingiliwa.

Pikipiki yenyewe ni ya binti yangu, mkewe. Si ya kubebea abiria. Ni ile ndefu, nyembamba, ya mbio za vilimani, ambayo kazi yake ni kuruka matuta na kurudi nyumbani ikiwa na udongo mwingi kuliko shamba la watu. Binti yangu huyo, wenzake wanamwita Vumbi. Nilimzaa, nikambatiza jina zuri, nikamwombea awe mtulivu. Mungu alinisikia, akatabasamu, akampa helmeti.

Tatizo lilikuwa shokapu za mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu. Mguu wa kulia ulikuwa unavuja. Oili ilishuka polepole mpaka kwenye diski ya breki, na siku moja mazoezini Vumbi akabana breki, breki ikamtazama tu. Akaenda kuingia kwenye matairi yaliyopangwa mwisho wa uwanja. Alirudi kiwiko kimechunika, anacheka. Mimi sikucheka. Jumamosi zilikuwa mbio za mwisho za msimu, na baada ya tuta kubwa kuna mteremko ambao chini yake hakuna matairi, kuna mawe. Akishinda, kuna timu itamchukua. Breki ikikataa pale, watakaomchukua ni watu wa machela.

Fundi wa pikipiki yupo hapo kona ya barabara. Nikifungua dirisha namwona alivyokaa.

"Huyo?" Injinia akasema. "Huyo anagonga tu. Hii nitaifungua mwenyewe, nimeangalia video."

"Yote?" Vumbi akamuuliza.

"Zile sehemu zenye maana."

Basi kazi ikahamia sebuleni, kwa sababu uani kuna mchanga na mchanga ni adui wa shokapu. Yaani usafi wangu wa miaka yote ndio ulioniletea oili kwenye zulia. Karai la kufulia likawa la kumwagia oili chafu, inayonuka kama samaki aliyesahauliwa. Sinia la wageni likawa la kupangia vyuma. Injinia alipofungua kifuniko cha juu hakukishika kwa mkono, kwa kuwa sehemu hiyo ya video nadhani haikuwa na maana. Springi iliyokuwa imebanwa mle ndani ikakirusha kifuniko hadi ukutani, na picha ya marehemu mume wangu ikaanguka. Angekuwa hai angeanguka mwenyewe, kwa kicheko.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na sababu. Siku walipooana, Vumbi alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mama, nakuomba kitu kimoja. Usimkosoe mume wangu. Mbele yake wala nyuma yake." Nikaahidi mbele za Mungu, na mimi ahadi ya mbele za Mungu siichezei. Lakini hakunikataza kumwombea.

Kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana tulipoinamisha vichwa, nikasali:

"Ee Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki. Mbariki mkwe wangu katika kazi ya mikono yake. Na ile pete nyembamba ya chuma iliyoviringika ikaingia chini ya kochi, mguu wa dirishani, Baba, uifikishe machoni pa mja wako kabla hajafunga."

"Amina," Injinia akasema kwa meno ya mbele. Kisha akaenda kuinama chini ya kochi.

Vumbi alikunywa maji mengi sana siku ile, ili asicheke.

Akabadilisha sili, ule mpira wa mviringo unaozuia oili isitoke. Akafunga, akaikandamiza pikipiki uani mara nyingi, kavu kabisa. Akazunguka nyumba nzima akitangaza ushindi. Vumbi akaenda nayo mazoezini, na jioni ikarudi mguu wa kulia unalia.

"Sili feki," Injinia akasema.

Akatafuta nyingine. Uani kavu, mlimani inavuja. Sasa kosa likawa la oili, nzito mno. Akaweka nyepesi. Ikavuja kwa wepesi. Mchana ule nikamwomba Mungu amkumbushe kumwaga ile nzito kwanza, maana alikuwa ameanza kuzichanganya. Akamwaga. Bado ikavuja. Lawama ilipokosa pa kukaa ndani ya pikipiki, ikatoka nje kutafuta mtu.

"Tatizo ni namna unavyotua," alimwambia mkewe. "Hapa uani haivuji. Inavuja wewe ukiiruka. Unatua vibaya."

"Natua kwa magurudumu, baba. Au ulitaka nitue kwa kichwa?"

"Tua taratibu."

"Nikiwa hewani nikaombe ngazi?"

Wakaacha kusemezana. Mimi nikabaki kati yao, nafuta vyuma.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kufuta. Kila akifungua, mimi nafuta kwa kitambaa changu cha vyombo, kile chepesi kilichochakaa. Kuna lile bomba la kung'aa, ndilo linalozama na kutoka ndani ya mguu kila pikipiki inaporuka na kutua. Bomba la kushoto kitambaa kilipita kama juu ya glasi. La kulia, kufika juu kidogo, kikanasa. Uzi mmoja ukavutika. Nikarudia, kikanasa palepale. Nikaangalia kwa jicho, sikuona kitu. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Kijiwe fulani huko vilimani kilikuwa kimelidonoa lile bomba, donoa dogo kama ncha ya pini, lenye makali.

Nikakaa kwenye kochi nikiwaza. Donoa liko juu. Uani ukikandamiza kwa mikono, bomba halizami hadi pale. Vumbi akitua kutoka kwenye tuta kubwa, linazama lote, na lile donoa linapita kwenye sili mpya kama wembe. Ndiyo maana hapa kavu na kule inalia. Haikuhitaji video. Ilihitaji mtu wa kufuta bila haraka.

Kwenye chakula nikaanza: "Ee Mungu, wewe unayeona yaliyofichika, kwenye lile bomba la kulia, juu kidogo, kuna..."

"Amina!" Injinia akasema.

Nikafungua jicho moja. Alikuwa amenikazia yote mawili.

"Mama, kwa heshima zote. Mungu ana vita, ana magonjwa, ana mvua za kugawa. Shokapu atuachie sisi. Kuanzia leo nitakuwa nasali mimi."

Kweli kesho yake akasali. Ilikuwa sala fupi: "Asante kwa chakula, na asante kwa kumweka kila mtu katika kazi yake. Amina." Nikaitikia. Chakula kilikuwa cha moto siku ile, lazima niseme.

Sasa nilikuwa nimefungwa mdomo pande zote mbili. Nilisali peke yangu chumbani, lakini Mungu alikuwa anajua habari za lile donoa tangu mwanzo. Si yeye niliyepaswa kumwarifu.

Ijumaa asubuhi Vumbi alikwenda mazoezi ya mwisho. Alirudi anasukuma. Oili ilikuwa imefika kwenye breki tena, na safari hii hakucheka. Injinia akachuchumaa, akafuta kwa kidole, akanusa, akasimama.

"Ni jasho tu," akasema. "Shokapu zote zinatoa jasho kidogo. Nitaisafisha breki, kesho unaondoka nayo."

"Na nikiwa kwenye mteremko?"

"Ukiomba mwanzo wa mteremko, utafika mwisho. Si mnaomba ninyi?"

Vumbi akakitazama kiwiko chake. Halafu akasema polepole, kama anajisemea, "Nitaenda tu. Hata ikivuja nitaenda."

Nilipomsikia, nikaweka sufuria chini.

"Mwanangu," nikamwambia, "naomba unifungulie ahadi yangu."

"Ahadi gani, mama?"

"Niliyokupa siku ya harusi. Nisimkosoe mumeo."

Alinitazama kama namsomea gazeti la zamani. "Nilisema hivyo?"

Alikuwa amesahau! Mimi nimeibeba kama ndoo kichwani, shingo imekakamaa, kumbe mwenye maji alishakunywa kisimani akaenda zake.

"Sema tu, mama," akasema. "Mimi mbona namkosoa kila siku."

Sikumkosoa. Nilichukua kile kitambaa, nikakiweka mkononi mwa Injinia, nikamwambia, "Baba, futa hilo bomba."

"Mama, limeshafutwa. Umelifuta wewe mwenyewe."

"Futa. Kutoka juu, polepole."

Akafuta kwa dharau, kwa vidole viwili, ili nione kwamba ananipa heshima ya uzee. Kitambaa kikateremka, kikanasa. Akakivuta, uzi ukatoka. Akarudisha mkono juu. Kikanasa. Akapitisha ukucha, na hapo uso wake ukabadilika, ukawa uso wa fundi simu aliyegundua kwamba simu haikuwa imewashwa.

Tulimsubiri. Vumbi alikunja mikono.

"Hapa," akasema hatimaye, "ndipo nilipokuwa napashuku."

"Tangu lini?" Vumbi akamuuliza.

"Kwa ndani ndani."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akakaa chini, akaiangalia ile video mwanzo hadi mwisho, hata sehemu zisizo na maana. Akachukua msasa mwororo kabisa, akaulowesha oili, akasugua ncha ya lile donoa peke yake, kidogo, akapitisha kitambaa, akasugua tena, hadi kikateleza. Sili mpya hakuisukuma kavu kavu. Aliuvisha mdomo wa bomba mfuko wa mkate, ili makali ya juu yasiikwaruze, akaipitisha juu yake taratibu kama anamvisha mtoto soksi. Nilimshikia taa ya simu.

Jumamosi sikutazama mbio. Nilikwenda, nikasimama kwenye kamba upande wa mteremko, nikafumba macho kila pikipiki iliporuka, nikahesabu vishindo vya kutua na kuomba bila kumtajia Mungu chuma chochote. Nikamsikia Injinia pembeni yangu akipumua kama aliyekimbia yeye. Aliponishika mkono, kwa nguvu, nikajua zamu ya Vumbi imefika.

Kishindo. Kisha mlio wa injini ukashuka, ukashuka, ukapungua vizuri, pale pale unapotakiwa kupungua kabla ya mawe, ukapinda.

Nilipofungua macho nilimwona mwanangu akipanda ng'ambo ya mteremko, akiwa wa pili kutoka mbele. Alimaliza wa pili. Timu imesema itampigia simu. Injinia anaikagua simu yake kila saa isije ikawa mbovu.

Alipofika kwetu sikumkumbatia kwanza. Niliinama nikapitisha kidole kwenye shokapu ya kulia. Udongo, vumbi, na hakuna tone. Nikasimama, ndipo nikamkumbatia.

Watu wakawa wameizunguka pikipiki, na kijana mmoja mwenye helmeti mkononi akauliza nani aliyetengeneza zile shokapu, maana zake zinavuja kila wiki na hajui kwa nini.

"Mimi," Injinia akasema, mikono kiunoni. "Wengi hubadilisha sili tu. Lazima ulisikilize bomba. Mimi nilihisi donoa kwa kidole, hata jicho halioni. Ni kipaji, ndugu yangu, hakifundishwi."

Akanigeukia kidogo, kwa pembe ya jicho, kuona nitasema nini.

"Amina," nikasema.