Mbuzi ya Nazi ya Dhaleela

Latheef aliitemea mate miwani ya kuzamia, akayasugua kiooni kwa kidole gumba, akaisuuza baharini na kumpa mkewe. "Vaa hiyo. Haitaingia ukungu."

Dhaleela aliipokea kwa ncha za vidole. Si kwamba aliona kinyaa. Mwaka mzima walikuwa wakinywa chai kikombe kimoja. Kilichomtia wasiwasi ni upole. Tangu asubuhi bwana huyu alikuwa mpole kupita kiasi: kamfunga kamba za jaketi la kuokolea, kamkalisha upande wa kivuli, kamuuliza zaidi ya mara moja kama boti inamchafua moyo. Latheef ni fundi wa injini za feri, mtu ambaye siku zote maneno humtoka kwa kipimo kama mafuta ya kukopa. Leo ulimi umemlegea. Hapa kuna jambo, Dhaleela alijiambia.

Na alikuwa na sababu. Wanaume wawili walikwisha kumwoa na kumwacha, na wote wawili walianza kwa wema. Wa kwanza alimnunulia herini siku ya Alhamisi. Jumapili akaenda mahakamani kumwandikia talaka. Dhaleela akatoka kwa haraka na aibu, mbuzi ya kukunia nazi aliyoachiwa na mama yake ikabaki jikoni, na mke aliyeletwa baada yake ndiye aliyeikalia. Wa pili alimpeleka kula aiskrimu kando ya bahari, wakacheka mpaka machozi, na waliporudi nyumbani walikuta mama mkwe ameshamfungia nguo zake kwenye shuka. Katika mji wao wa Male kuachika si habari, wapo waliooana na kuachana na kuoana tena kama watu wanaocheza kombolela. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, naye alikuwa ametafunwa mara mbili palepale.

Kwa hiyo alipoolewa na Latheef hakufungua mfuko wake. Uliingia chini ya kitanda na zipu yake imefungwa: nguo mbili nzuri, herini, vyeti, na mbuzi mpya ya nazi, kibao kifupi chenye ulimi wa chuma. Kazi yake ilikuwa kupika vitafunio vya mgahawa wa chai, maandazi ya samaki na nazi, na nazi hazijikuni zenyewe. Kila siku alikwenda kuazima mbuzi kwa jirani yake, Fareesha, na kukuna hukohuko barazani kwake.

"Dada, yako umeiozesha?" Fareesha alimuuliza siku moja.

"Ina meno butu," Dhaleela alisema. Haikuwa imegusa nazi hata moja.

Kisha ikaja likizo hii. Latheef, ambaye hajawahi kumpeleka hata sokoni, akatangaza kwamba wanakwenda kupumzika kisiwani, kupanda boti, kuangalia samaki. Jioni ileile Dhaleela alimsikia akinong'ona kwenye simu nje ya mlango: "Asijue kitu. Nitamwambia hukohuko."

Hukohuko. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipoambiwa ajiandae, aliuvuta tu mfuko kutoka chini ya kitanda. Latheef aliutazama mpaka mlangoni.

"Fungate hii?" aliuliza nahodha, Maniku, mzee mnene mwenye shavu lililojaa tambuu. "Mbona bibi harusi kanuna?"

"Tuna mwaka," Latheef alisema.

"Mwaka! Basi ninyi wakongwe. Mimi wangu wa tatu hakufikia hata Ramadhani." Akacheka peke yake.

Boti iligeuka kufuata ukingo wa mwamba, na Dhaleela aliponyoosha miguu, kisigino chake kikagonga kitu chini ya benchi. Kilikuwa kifurushi kilichofungwa kwa taulo la Latheef. Alikisukuma kwa kidole cha mguu: mbao. Akasukuma zaidi, meno yakamchoma kupitia kitambaa. Hakuhitaji kufungua. Mkono unaweza kusahau mume, hausahau chombo chake.

Kumbe kaufungua mfuko kule nyumba ya wageni. Kumbe vitu vyangu vimeshatangulia. Kisiwa cha kaka yake kilikuwa ng'ambo ya mkondo, na boti hii ingeweza kufika huko kabla ya adhuhuri. Atashushwa gatini pamoja na mbuzi yake, mbele ya mawifi, na Latheef atarudi Male mikono mitupu na moyo mweupe.

"Hiki nini?" aliuliza.

"Taulo," Latheef alisema, haraka mno.

Maniku alitia nanga. Dhaleela aliingia majini na nguo zake zote na ushungi wake, ameuma mrija wa kupumulia kwa hasira. Kuogelea hakujua vizuri. Kwao waliogelea wavulana, wasichana walisubiri samaki wa kupaa magamba. Latheef alimshika mkono. Alitaka kuukataa, lakini chini yake mwamba uliishia ghafla na bahari ikawa nyeusi, akaona heri mkono wa msaliti kuliko kukosa mkono kabisa.

Wakaelea, nyuso chini. Samaki wadogo wa manjano walitawanyika na kukusanyika tena. Pono mkubwa, wa kijani, alikuwa akitafuna matumbawe, na sauti yake ilifika masikioni mwao waziwazi: kwaru, kwaru, kwaru. Latheef akamminya vidole. Akamwonyesha yule pono, kisha akagusa sikio lake mwenyewe, kisha akamtazama kama mtu anayengoja jibu. Dhaleela alitikisa kichwa. Sauti aliijua, ilikuwa kama ya nazi inayokunwa, angeijua hata usingizini. Asichojua ni anachotaka mtu huyu.

Ndipo mkono ukamwachia.

Ni hapa basi, aliwaza, na maji yakaingia kwenye mrija, akayameza, akainua kichwa akikohoa. Boti ilikuwa ndogo, kule. Alipiga maji ovyo mpaka mkono uleule ukamkamata tena chini ya kwapa.

"Nipo. Nipo hapa."

"Umeniachia."

"Miwani ilijaa maji. Nimekuachia kidogo tu."

"Wote huachia kidogo tu," alisema, na akashukuru kwamba uso wake ulikuwa umeshalowa.

Maniku hakuvuka mkondo. Aliwapeleka kwenye fungu la mchanga lisilo na mti wala kivuli, akatoa chapati, kitunguu, limau na jodari wa kukaushwa, kisha akaweka nazi iliyofuliwa juu ya mchanga. Latheef alishuka na kifurushi. Akakaa, akafungua fundo la taulo, taratibu, kama anayefungua injini asiyoijua. Mbuzi ikatokea, mpya, haina hata doa.

Dhaleela alishindwa kuvumilia. "Kwa nini usiseme tu? Niache hapahapa. Maniku awe shahidi, tumalize."

"Nikuache?" Latheef alimtazama, mdomo wazi. "Nani kasema kuacha?"

"Vitu vyangu si hivyo umevitoa? 'Asijue kitu, nitamwambia hukohuko.' Nilisikia."

"Nilikuwa naongea na Maniku. Nilimwambia asije na mbuzi yake ya nazi, nitaleta yako."

"Nami nikamwambia ana wazimu," Maniku alisema. "Wenzake huficha pete." Akaona hakuna anayecheka, akaenda kuangalia kamba ya nanga ambayo haikuwa na shida yoyote.

Latheef alipangusa mchanga magotini. "Kila jioni nikipanda ngazi nasikia nazi inakunwa kwa Fareesha. Mke wangu, kwenye nyumba ya watu. Na yako ipo chini yangu, nalala juu yake." Akakunja taulo. "Nikirudi kazini huinama kwanza kuangalia chini ya kitanda. Mfuko ukiwepo, ndipo navua viatu. Nimechoka, Dhaleela. Kama unaondoka, ondoka. Kama huondoki, tukune nazi kwetu."

Upepo ulipeperusha chapati moja, hakuna aliyeiokota. Mwaka mzima Dhaleela alikuwa amemchunguza mtu huyu, mifuko ya suruali yake, simu yake, usingizi wake, na siku hata moja hakumwona akiinama.

"Na ukiniacha mwezi ujao?"

"Sijui niape kwa kitu gani uniamini," Latheef alisema. Akavunja nazi, akaikalia mbuzi, akaanza kukuna. Alikuna kama anayekwangua kutu, mpaka machicha yakatoka na vipande vya kifuu.

Dhaleela alivumilia kadiri alivyoweza. "Toka hapo. Utatuvunja meno."

Akakaa yeye. Ulimi wa chuma ulikuwa mkali kuliko alivyodhani, nazi ikaanguka nyeupe sahanini, nyepesi. Shaka haikumtoka. Alikuna nayo ikiwa papo hapo mapajani, akala nayo, akapanda nayo boti.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, aliiosha mbuzi kwa maji baridi kuondoa chumvi na kuianika juu ya ukuta wa baraza. Latheef alitoka na mfuko. "Niirudishe humu?"

"Bado mbichi. Italowesha nguo."

Asubuhi jua lilikuwa limeshaupanda ukuta wote. Feri ilipiga honi. Latheef alikuja na mfuko begani, zipu wazi. "Imekauka?"

Dhaleela aliweka kiganja juu ya kibao. Kilikuwa kikavu, cha moto kabisa.

"Bado," alisema, akaitia kwapani na kutangulia kwenda gatini, meno ya mbuzi yakielekea nje, watu wakimpisha.